Mkono wa Mbolea

Kabla hamjaniuliza, vijana wangu, najibu: hapana, sikusoma sheria. Nilijifunza kupiga taipu, nikajifunza Kiswahili cha mahakamani kwa kunakili majalada ya makarani waliotangulia, na Kinyakyusa nilikinyonya kwa mama. Kwa mali hizo tatu nikawa karani na mkalimani wa mahakama moja ya mwanzo huku Rungwe, miaka thelathini kasoro. Jina la mahakama naliacha.

Mjukuu wangu Lugano, ambaye yuko chuoni na ninyi, ndiye aliyenitaka niandike. Alisema mnafundishwa somo la kuwapa watu wote nafasi mbele ya sheria, wa kila namna na kila lugha. Nikamwambia habari ya namna hiyo ninayo, lakini haijanyooka, na mengine ndani yake mpaka leo siyaelewi. Akasema, "Babu, iandike hivyohivyo ilivyopinda." Basi hii hapa.

Kitu cha kwanza cha kazi yangu kilikuwa hiki: mkalimani husema "mimi." Shahidi akisema aliona, wewe husemi "anasema aliona." Unasema "niliona," kana kwamba macho ni yako. Wiki yangu ya pili kazini kijana mmoja alikiri kosa kwa Kinyakyusa, nami nikasimama wima, nikatamka kwa sauti safi, "Ni kweli, mheshimiwa. Kuku nilimwiba mimi, na nikamla na wenzangu." Shangazi yangu alikuwa ameketi benchi la nyuma, amekuja kusikiliza kesi ya jirani. Alipiga yowe, akatoka mbio mpaka kwa mama kumwambia nimeshakiri na nakwenda jela. Tulicheka mwaka mzima. Lakini nikitazama nyuma nadhani nilianza kuharibika hapohapo. Nilizoea kusema "mimi" ya watu wengine upesi mno, bila kujiuliza kama inanitosha.

Habari yenyewe ni ya miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Soko la Tukuyu lilikuwa limejaa mitumba, ushirika ulikuwa unayumba, na wanunuzi binafsi wa majani ya chai walikuwa wameanza kupita vijijini. Shamba lililokuwa limesahaulika miaka kumi ghafla lilipata wenyewe wawili. Majalada yakarundikana mezani kwangu hadi nikawa siuoni mlango. Na huku kesi zinaongezeka, serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Leo ungesikia karani wa ofisi fulani kapewa barua, kesho mhudumu wa ofisi nyingine. Nilikuwa na watoto watano shuleni. Nikajiwekea nia kwamba mimi nitakuwa karani ambaye kesi hazikwami kwake. Kumbukeni nia hiyo mtakapofika kwenye kosa langu.

Mwaka huo tukaletewa hakimu mpya. Mheshimiwa Mwanaidi, binti wa Kilwa, hajafika miaka thelathini. Alishuka kwenye basi siku ya ukungu amevaa viatu vya wazi. Wiki ile nzima alikaa kitini na sweta mbili, mtandio juu yake, na akaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba karani, jua la huku hutoka lini?"

"Mwezi wa tisa, mheshimiwa."

Tulikuwa mwezi wa tatu.

Hakuna aliyejua la kumfanya. Alikuwa mwanamke, mtoto kwa umri, Mwislamu katika mji wa Walutheri na Wamoraviani, na Kinyakyusa hakijui hata salamu. Pembeni yake waliketi wazee wa baraza wawili, maana mahakama ya mwanzo hakimu haamui peke yake. Wanapiga kura watatu, na wawili wakikubaliana, imekwisha. Mmoja wa wazee hao alikuwa Mzee Gwamaka wa Kawetele, mkulima wa chai na migomba, mtu wa maneno machache. Hakumwita yule binti mheshimiwa hata siku moja. Alisema "huyu mtoto," na alilisema kwa Kinyakyusa, akijua mimi sitalitafsiri. Wakati wote akisikiliza kesi alitazama dirishani. Mzee mwenzake alikuwa mtu mwema, ila alisinzia.

Ndipo ikaja kesi ya Atuganile.

Atuganile alikuwa mjane wa kijiji cha Kinyala. Hakusikia wala kusema tangu utotoni. Siku zile tulimwita bubu, hata kwenye jalada tuliandika bubu, na mwandiko ni wangu. Hakuwahi kwenda shule yoyote. Alizungumza kwa mikono, lugha waliyoitengeneza wenyewe pale nyumbani, yeye na marehemu mumewe na watu wa ua ule. Mdai alikuwa shemeji yake, Ambokile, ndugu wa marehemu. Madai yake yalikuwa mafupi: shamba la chai na migomba aliloachiwa mjane, mjane mwenyewe alikwisha kumpa yeye kwa hiari, na karatasi anayo, ina alama ya dole gumba. Sasa mama huyo anakataa kuondoka.

Tulianza na kiapo. Nikampa Atuganile Biblia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaifuta vizuri kwa ncha ya kanga yake, akanirudishia.

Hakimu akaniuliza, "Ameapa?"

Mzee Gwamaka akajibu kwa Kinyakyusa, macho yako dirishani, "Ameifuta vumbi."

Nikaandika: Mdaiwa ameapishwa.

Swali likawa nani atafsiri. Mimi sikujua ishara hata moja. Hapo nikasimama na busara yangu. "Mheshimiwa, mke wa mdai yupo. Anaishi ua mmoja na mdaiwa, wanapika pamoja, anazijua ishara zake zote. Tukisema tusubiri mtaalamu kutoka mbali, tutasubiri mwaka."

Hakimu aliniangalia. "Mke wa mdai? Ndiye atakayesema maneno ya mdaiwa?"

"Ni ndugu, mheshimiwa. Hapa kwetu hao ni ndugu."

Akagongagonga kalamu mezani. "Mambo ya huku bado siyajui. Sina hakika na jambo hili, baba karani."

"Hata mimi," nikasema. Nilikuwa nasema uongo. Nilikuwa na hakika kabisa, na jalada lingefungwa kabla ya chakula cha mchana.

Mke wa mdai akaja mbele. Mwanamke mwembamba, mpole, sauti ya chini. Atuganile alipomwona amesimama pale alifurahi, akaanza kumweleza kwa mikono, haraka, kama mtu aliyengoja siku nyingi. Yule mke alitafsiri kwa Kinyakyusa huku macho yake yako kwenye viatu vya mumewe, nami nikatafsiri kwa Kiswahili. "Mume wangu alipofariki, nguvu ziliniisha. Nikamwambia shemeji achukue shamba apande. Nikaweka dole kwa hiari yangu." Nilisema "yangu," kwa sauti safi.

Atuganile hakusikia neno hata moja katika hayo. Lakini alitutazama nyuso. Akamtazama Ambokile, aliyekuwa ametulia mno. Akamtazama mke wa Ambokile, ambaye hakumtazama. Kisha akatembea hadi mezani kwangu, askari wa mahakama asiwahi, akaweka kiganja chake juu ya karatasi niliyokuwa naiandika. Alikikandamiza. Wino ulikuwa haujakauka. Nikavuta karatasi, hakuachia.

Mimi nilihisi hasira kwanza, nisiwafiche. Halafu nikahisi kitu kingine ambacho sikukipatia jina.

"Tunaahirisha," akasema hakimu.

Watu walipotoka alibaki ofisini na mikono ndani ya mikono ya sweta. "Baba karani, sisi tumefundishwa ushahidi wa maneno na ushahidi wa maandishi. Huyu mama hakufundishwa kwetu. Wewe una miaka mingi. Hufanywaje?"

Nikamwambia ukweli. "Sijui, mheshimiwa."

"Basi tuko wawili." Akafikiri. "Akija tena, usiandike anayosema mtafsiri peke yake. Andika mikono inavyofanya."

"Niandike mikono? Kwa maneno gani?"

"Sijui kwa maneno gani. Andika unachokiona."

Nilirudi nyumbani nimevurugika. Jalada la mahakama lina namna yake. Unaandika "shahidi amesema," unaendelea. Nikakaa na mke wangu mezani nikamwambia achambue maharage, nami nikajaribu kuandika mikono yake inachofanya. Nilijaza ukurasa mzima na bado hajamaliza kiganja kimoja. Akaniuliza kama naumwa.

Siku ya pili ya kesi tulianza vizuri. Mke wa mdai amesimama mahali pake, Atuganile mahali pake, mimi na kalamu. Ndipo ikaja mvua. Ninyi wa Tukuyu mnaijua mvua yetu, wageni niwaeleze: mahakama yetu ilikuwa na paa la bati tupu, halina dari, na mvua kubwa ikishuka juu yake huwezi kusikia mtu anayepiga kelele sikioni mwako. Hakimu alifungua mdomo, hapakutoka kitu. Mdai akaanza kupinga jambo, tukamwona midomo tu. Mzee wa pili akaamka. Kwa kawaida mvua namna hiyo tungesimamisha shauri tukakaa tunatazamana.

Lakini Atuganile hakusimama. Kwake hapakuwa na kilichobadilika. Alikuwa katikati ya maelezo yake, akaendelea. Na kwa kuwa hapakuwa na mtafsiri wa kumsikiliza, sote tukawa hatuna la kufanya ila kumtazama yeye. Hata Mzee Gwamaka aligeuka kutoka dirishani.

Nikaandika nilichokiona. Jalada lile nalikumbuka kwa moyo: "Anaweka mkono wa kushoto tumboni kama aliyebeba chombo. Mkono wa kulia unachota ndani yake. Anapiga hatua moja, anainama, anazungusha mkono chini karibu na mguu wake, vidole vinafunguka. Anasimama. Hatua nyingine. Anainama tena, anazungusha tena. Anafanya hivyo mara sita. Kisha anatoa kidole gumba, anakikandamiza kwenye kiganja. Anamwonyesha mdai. Kisha anachota tena."

Hakimu alikuwa ameinuka kitini, amejikunja mbele, mtandio umemteleza na hajui. Mvua ilipopungua, neno la kwanza lililosikika lilikuwa lake. "Hii ni nini?" Akaiga mkono ule, kuchota na kuzungusha.

Mke wa mdai akajibu kwa sauti ndogo, nami nikatafsiri. "Ni kupanda. Anamwambia shemeji apande."

"Kupanda nini?"

Akasita. "Ulezi."

Hapo Mzee Gwamaka akakohoa. Na akasema kwa Kiswahili, moja kwa moja kwa yule binti, mara ya kwanza tangu afike. "Mheshimiwa. Ulezi unarushwa. Unasimama wima, unatupa mbali, hivi." Akainuka na miaka yake, akatupa mkono hewani. "Mtu haendi shina kwa shina akiinama. Na ukizungusha chini namna ile unazunguka shina ambalo tayari lipo. Huo ni mkono wa mbolea. Mimi mwenyewe nimeufanya asubuhi ya juzi."

Ambokile akasimama. "Mzee ni hakimu au shahidi?"

Swali zuri sana. Liwekeni akiba.

Hakimu hakumjibu. Alimgeukia mke wa mdai, akamwita "mama," na akauliza polepole, "Mama, ni mbolea?"

Yule mwanamke akamwangalia Atuganile, mara ya kwanza siku hiyo, akaanza kusema kwa Kinyakyusa, machozi yanamtoka. Na mimi, kwa sheria ya kazi yangu, nikasimama na kusema: "Nilidanganya. Karatasi ililetwa nyumbani, mume wangu akatuambia sote kwamba ni orodha ya wakulima wanaopewa mbolea ya chai. Dada aliweka dole kwa ajili ya mbolea. Mimi nilikuwepo. Nilidanganya kwa sababu ninaogopa kurudi nyumbani."

Nimetafsiri maungamo mengi maishani. Lile lilinikwama. Niliposema "nilidanganya," sikujua kama nimesema yake au yangu.

Kura zilikuwa tatu kwa sifuri. Shamba likabaki kwa Atuganile. Mke wa Ambokile hakurudi kwa mumewe siku ile. Alikwenda na Atuganile, wakaishi nyumba moja miezi miwili, wakichuma chai pamoja. Baadaye alirudi. Msiniulize kwa nini. Niliwahi kuwaona wote watatu sokoni, Ambokile amebeba mkungu wa ndizi wa Atuganile begani, nikashindwa kuelewa kabisa.

Ambokile alikata rufaa, akaja na wakili kutoka Mbeya, mtu wa suti. Wakili alisoma mwenendo wa shauri nilioandika kwa sauti na kuwachekesha watu. "Mheshimiwa, huu si ushahidi, hii ni ngoma!" Halafu akaacha mzaha akagusa penye kidonda: mzee wa baraza anakaa kupima ushahidi, hatoi ushahidi. Gwamaka alitoa ushahidi akiwa kitini, bila kiapo, bila kuhojiwa. Nilimsikiliza nikaona ana haki. Hakimu wa rufaa akalipita jambo hilo pembeni, akasimama kwenye maungamo ya yule mke, akaacha hukumu kama ilivyo.

Sasa nyinyi mnaosoma, niambieni. Kama Gwamaka angefuata sheria angenyamaza, na mama wa watu angepoteza shamba. Kama angekuwa mfanyabiashara badala ya mkulima, asingeujua ule mkono. Kama hakimu angekuwa Mnyakyusa kama mimi, huenda angesikiliza maneno kama mimi, asitazame kitu. Nimeligeuza jambo hilo miaka yote hii. Naona kila mmoja wetu alikuwa kiziwi upande wake, na kwa bahati siku ile pande hazikulingana. Je, bahati inaandikwaje kwenye sheria? Lugano anasema jibu lipo kwenye kitabu chenu. Sijalisoma.

Mheshimiwa Mwanaidi alihamishwa baada ya miaka mitatu. Siku ya kuondoka Mzee Gwamaka alimletea debe la maparachichi, akasimama nalo mlangoni hajui aseme nini, akasema, "Huku jua limeanza kutoka."

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo ninapendeza. Lakini habari ina kipande kingine.

Baada ya hukumu ile sikupata usingizi mzuri. Kuna jambo lilikuwa linanikera na sikujua ni lipi, hadi asubuhi moja nikaingia stoo ya majalada nikaanza kupekua ya zamani, ya kabla hajaja Mwanaidi. Siku ya tatu nililipata. Kijana alishtakiwa kwa wizi wa mabati. Mwandiko wangu, mzuri, umenyooka: "Mshtakiwa anasomewa shtaka. Amekaa kimya. Anasomewa tena. Amekaa kimya." Na ukurasa wa mwisho: "Mshtakiwa hana utetezi." Alifungwa miezi tisa.

Nikamkumbuka. Nilikumbuka kwamba mikono yake ilikuwa inakwenda muda wote ule, na askari alimwambia aitulize.

Niliuliza watu, nikaambiwa yupo Msasani, mtaa wa hapahapa Tukuyu, ni fundi wa majiko ya mkaa. Nikaenda Jumamosi. Nilimsikia kabla sijamwona, maana hugonga bati kwa nguvu zote na majirani hulalamika, naye hana habari. Alikuwa mtu mzima sasa, mvi mbili tatu. Aliponiona aliweka nyundo chini akanitazama vizuri. Sikuweza kujua kama ananifahamu.

Sikujua ishara ya samahani. Njiani nilikuwa nimejiandaa, nikaona itaeleweka tu. Nikaunganisha viganja, nikainamisha kichwa.

Akatikisa kichwa, akaniinulia jiko la wastani, akanionyesha vidole vitano.

Nikatikisa kichwa mimi. Nikajionyesha kifua, nikaiga kuandika, nikaunganisha viganja tena, nikainama zaidi, karibu nipige magoti kwenye zile takataka za bati. Akanitazama kwa muda mrefu. Akapumua. Akakunja kidole kimoja, vikabaki vinne.

Watu walikuwa wamesimama sasa, wanatuangalia. Nilijaribu mara ya tatu, na macho yangu yalikuwa yamejaa. Akaona yale machozi, akanihurumia sana, akakunja kidole kingine, akanisukumia jiko mikononi.

Nikalipa. Sikujua ningefanya nini kingine. Akanipigapiga begani, akarudi kwenye nyundo yake. Nikaondoka Msasani nimebeba jiko la bei nafuu, na samahani yangu bado ninayo.